Gesi ya Friji Haiishi, Inavuja: Namna ya Kuizuia Isipande Kwenye Tabaka la Ozoni

Kila msimu wa joto unapoanza, katika miji ya pwani kuanzia Mombasa hadi Mtwara, mafundi wa friji na viyoyozi huitwa kwa maneno yale yale: chumba hakipoi, njoo utujazie gesi, imeisha. Fundi hufika na mtungi wake, hufunga mpira wa geji, yaani kipima shinikizo, hujaza, hulipwa, na mwaka unaofuata huitwa tena nyumba ile ile. Kosa limo katika neno hilo moja, kuisha. Gesi ya friji haitumiki kama petroli ya gari wala kama gesi ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na katika mtambo usio na tundu gesi iliyotiwa kiwandani inatosha kwa umri wote wa mtambo. Ikipungua ujue imetoka, na ikiwa imetoka kuna mahali ilipopita.

Mwongozo huu unawahusu fundi na mwenye mtambo kwa pamoja, kwa sababu fundi hawezi kufanya kazi ya uangalifu ikiwa mteja anataka amalize katika nusu saa kwa bei ya kujaza tu, na mteja hawezi kudai kazi nzuri asiyojua inavyofanywa.

Baadhi ya gesi hizo, zikishatoka, hupanda polepole hadi stratosfia, kiasi cha kilomita 15 hadi 35 juu ya ardhi, liliko tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya urujuanimno ya jua, ile inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho na kudhoofisha mimea. Huko juu miale hiyo huivunja molekuli ya gesi na kuiachilia atomi ya klorini. Klorini hunyakua atomi moja ya oksijeni kutoka kwenye ozoni, kisha huiachia mahali pengine na kurudi kunyakua nyingine, na atomi moja tu inaweza kuharibu molekuli 100,000 za ozoni kabla haijanaswa. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland waliyaeleza haya mwaka 1974, wakati gesi hizo zikisifiwa kote duniani kwa kutowaka moto na kutomdhuru anayezivuta. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakipima anga katika kituo cha Halley, huko Antaktika, walitangaza kwamba ozoni juu ya bara hilo ilikuwa ikipungua kwa kiasi kikubwa kila mwaka katika miezi ambayo jua hurejea baada ya giza la kipupwe. Uimara uliozifanya gesi hizo zipendwe hapa chini ndio unaozifikisha juu zikiwa nzima: gesi ya R-12, iliyojaa kwenye friji za wazazi wetu, hudumu angani takriban miaka 100.

Jua kwanza ni gesi gani iliyomo

Usifungue chochote kabla hujasoma kibandiko. Kwenye friji hukaa nyuma karibu na kompresa, ile pampu inayoibana na kuizungusha gesi, au ndani ya kabati kwenye ukuta wa pembeni. Kwenye kiyoyozi hukaa ubavuni mwa mashine ya nje. Tafuta herufi R ikifuatiwa na namba, kisha tafuta uzito wa gesi kwa gramu au kilo, na uandike vyote viwili pembeni, kwa sababu uzito huo utauhitaji mwishoni.

R-12, R-11 na R-502 ni za kundi la klorofluorokaboni, ambalo kwa kifupi huitwa CFC, au zina gesi ya kundi hilo ndani yake, na ndizo zinazoidhuru ozoni zaidi katika kazi ya friji. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni uliotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kabisa kuzizalisha na kuziagiza kufikia mwaka 2010, kwa hiyo ukikutana nazo leo ni ndani ya friji au friza kuukuu. R-22 ni ya kundi lililofuata, HCFC, ambalo bado lina klorini ingawa kidogo: kilo moja ya R-22 hudhuru ozoni kwa kiasi cha asilimia 5.5 ya kilo moja ya R-11. Mtu anaweza kuona ni kidogo, lakini R-22 ndiyo iliyojaa katika viyoyozi vya zamani vya nyumba, ofisi na hoteli zetu, na madhara yake yanatokana na wingi wa mitambo na wingi wa mivujo. Tena, kilo moja yake ikitoka huongeza joto la dunia kama kilo 1,810 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. R-134a, R-404A, R-410A na R-32 hazina klorini, hivyo haziigusi ozoni, lakini nazo hupasha joto dunia, na ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza pia. R-600a na R-290 ni jamaa wa gesi ya kupikia, hazidhuru ozoni, na zinawaka moto.

Kibandiko hakitoshi peke yake ikiwa mtambo umepita mikononi mwa watu wengi. Muulize mwenye mali kama umewahi kujazwa, na nani, na kwa gesi gani. Kisha zima mtambo, uache hadi mabomba yote yafikie joto la hewa iliyouzunguka, na usome geji. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, R-22 iliyo safi huonyesha takriban psi 158 (psi ni kipimo cha shinikizo), R-290 takriban psi 142, na R-410A takriban psi 259. Geji ikionyesha namba iliyo mbali na ile ya gesi iliyoandikwa, huenda humo ndani kuna mchanganyiko, au hewa, au gesi nyingine kabisa. Angalizo moja ni kwamba R-12 hukaa karibu psi 93 na R-134a karibu psi 97, tofauti ambayo geji ya kawaida haiwezi kutegemewa kuionyesha, kwa hiyo kwa hizo mbili tumia kifaa cha kutambulisha gesi au ihesabu kuwa haijulikani.

Rangi ya mtungi nayo isikudanganye. Tulizoea R-22 kwenye mtungi wa kijani hafifu, R-134a kwenye wa bluu ya anga, R-12 kwenye mweupe na R-410A kwenye wa waridi, lakini mwongozo wa chama cha watengenezaji wa viyoyozi na friji wa Marekani uliondoa utaratibu huo wa rangi, na mitungi mingi mipya hupakwa rangi moja ya kijivu. Wapo pia wanaouza gesi bandia katika mitungi iliyopakwa vizuri. Mwaka 2011 makontena ya kusafirishia vyakula vibichi yalilipuka bandarini na kuua watu, na kiini kilikuwa gesi bandia ya R-134a iliyochanganywa na R-40, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusana na hewa. R-40 ina klorini na inadhuru ozoni pia. Mtungi unaouzwa kwa bei isiyoelezeka na usio na jina la mtengenezaji, uache dukani.

Tafuta tundu kabla ya kufikiria kujaza

Sehemu hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami ningependa msomaji akae nayo.

Anza kwa macho. Ndani ya mabomba, gesi husafiri pamoja na oili kidogo ya kompresa, na gesi inapotoka kupitia tundu huiacha oili hiyo nje. Oili hunasa vumbi. Kwa hiyo kwenye kiyoyozi cha ukutani angalia nati mbili za shaba pale mabomba yanapoingia kwenye mashine ya nje: nati kavu huwa na vumbi jepesi linalopukutika, ila inayovuja huwa na utepe mweusi unaong'aa unaoteleza chini yake, na ukiugusa kidole hunata. Funua sponji inayofunika mabomba, maana utepe huo mara nyingi hujificha chini yake. Angalia pia mahali bomba linaposuguana na bati la mashine kwa sababu ya mtikisiko, na kwenye friji angalia mahali kapilari, lile bomba jembamba kama waya, lilipochomelewa.

Kwa wakazi wa pwani kuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huila koili ya nje, yaani yale mabomba yaliyokunjwakunjwa katika mashine ya nje, mapezi ya alumini huanza kugeuka unga mweupe, na nyuma yake shaba hutoboka vitundu visivyoonekana kwa jicho. Koili iliyooza hivyo usiizibe tundu moja moja, kwa sababu utaziba leo na kesho itavuja sentimita mbili pembeni. Mwambie mwenye nyumba ukweli kwamba inahitaji kubadilishwa. Ndiyo maana pia ni busara kuiosha mashine ya nje kwa maji safi yasiyo na shinikizo kubwa kila baada ya miezi michache, kazi ambayo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe baada ya kuzima umeme.

Baada ya macho, tumia povu. Koroga sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ndani ya maji kidogo hadi iwe nzito, uipake kwa brashi ndogo kuzunguka kila maungio, kisha usubiri. Tundu kubwa hutoa mapovu papo hapo. Tundu dogo halikuonyeshi kitu kwa dakika moja au mbili, halafu pembeni mwa nati huanza kujijenga kitu cheupe kama mayai ya samaki, polepole sana, na fundi mwenye haraka huwa ameshafunga mkoba. Kifaa cha elektroniki cha kunusa gesi kinasaidia, lakini humkaribisha fundi karibu na tundu tu. Povu ndilo linalokuonyesha penyewe.

Namna ya kuitoa gesi bila kuiachia

Ukishaona tundu, gesi iliyobaki haina budi kutolewa kabla ya kuchomelea. Wengi hulegeza nati na kuiacha itoke kwa mlio mrefu hadi inyamaze. Mlio huo, kwa kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, unaweza kuwa gramu 700 hadi kilo nzima ya R-22 inayoelekea angani, na ikiwa chumba kimefungwa ni hatari kwa fundi mwenyewe, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujaa kuanzia sakafuni na kuisukuma oksijeni. Kimiminika chake huchemka kwenye nyuzi 41 chini ya sifuri na hugandisha ngozi kikiigusa. Na gesi hizi zikikutana na moto wa kuchomelea huvunjika na kutoa mivuke ya asidi na fosijeni, ambayo ni sumu kali.

Ikiwa kiyoyozi bado kinafanya kazi na unachotaka ni kukihamisha tu au kurekebisha upande wa ndani, mashine yenyewe inaweza kuihifadhi gesi yake. Kiwashe kwenye ubaridi, kiache kifanye kazi dakika chache, kisha funga valvu ya bomba jembamba kwenye mashine ya nje kwa ufunguo wake. Kompresa itaendelea kuvuta gesi kutoka ndani na kuirundika nje. Kodolea macho geji ya bomba nene; inapokaribia sifuri, funga valvu ya pili na uzime umeme mara moja. Usiiache iendelee kuvuta baada ya hapo, na usifanye hivi kabisa ikiwa unashuku mvujo mkubwa, kwa sababu kompresa ikivuta hewa na kuibana pamoja na oili inaweza kupasuka.

Kama njia hiyo haiwezekani, unahitaji mashine ya kukusanyia gesi, mtungi maalumu wa kukusanyia, na mizani. Pima mtungi ukiwa mtupu na uandike uzito. Unganisha mipira mifupi kadiri inavyowezekana, ondoa hewa iliyomo ndani yake, kisha anza kutoa, ukianza na kimiminika na kumalizia na mvuke. Mtungi usijazwe kupita asilimia 80 ya ujazo wake, kwa kuwa kimiminika hutanuka kinapopata joto, na mtungi uliojaa pomoni ukiachwa juani nyuma ya pikapu hugeuka bomu. Ukiona mtungi unachemka na kazi inasuasua, uweke kwenye ndoo ya maji yenye barafu. Geji ikishafika chini ya sifuri, zima mashine usubiri dakika tano hivi. Sindano ya geji itapanda tena kidogo, kwa sababu gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya oili inajitoa. Vuta tena, na urudie hadi itulie.

Kila gesi iwe na mtungi wake. Kilo chache za R-134a zikimwagwa ndani ya mtungi wa R-22 zimeharibu mtungi mzima, kwani mchanganyiko huo haurudishwi mtamboni wala kusafishwa kwa mashine ndogo. Mitungi ile myepesi ya kutumika mara moja usiijaze tena, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mashine ya kukusanyia ni ghali kwa fundi wa kijiwe, na sisemi haya kwa kupuuza hali yake. Mafundi wanne au watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia moja, wakaazimana kwa zamu. Gesi safi iliyotoka kwenye mtambo unaofanyiwa matengenezo inaweza kurudishwa humo humo, na kwa R-22 hilo ni akiba ya fedha, kwa kuwa tangu mwaka 2025 nchi zinazoendelea zimetakiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 ya kiwango cha awali, na mwaka 2030 zitafikia asilimia 97.5. Gesi chafu au iliyochanganyika ipelekwe kwa wanaosimamia masuala haya: Tanzania ni chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, Kenya unaweza kuanza kuuliza NEMA, mamlaka ya mazingira. Vyuo vya ufundi kama VETA navyo ni mahali pazuri pa kuuliza mafunzo.

Kuziba, kukausha na kujaza

Baada ya kuchomelea, jaribu mabomba kwa nitrojeni kavu kupitia kidhibiti shinikizo, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, na upake povu tena. Usitumie oksijeni hata kwa sekunde moja, kwani ikikutana na oili hulipuka. Usitumie R-22 kupuliza uchafu wala kujaribia mvujo, na usisafishe mabomba kwa R-141b, ambayo huuzwa madukani kwa kazi hiyo hiyo na inadhuru ozoni mara mbili ya R-22. Nitrojeni huifanya kazi hiyo bila madhara. Kisha vuta hewa kwa pampu hadi maikroni 500, kipimo cha shinikizo la hewa kidogo inayobaki ndani, funga valvu, na uangalie kama inabaki hapo. Ikipanda na kutulia, kuna unyevu. Ikipanda bila kukoma, tundu bado lipo.

Jaza kwa mizani, kwa uzito ule ulioandika mwanzoni. Kujaza kwa kugusa bomba na kusikilizia ubaridi ndiko kunakofanya mitambo mingi ijazwe kupita kiasi.

Kuna jambo ninalolikemea bila kusita, nalo ni kutia R-290 ndani ya kiyoyozi kilichotengenezwa kwa R-22 kwa kuwa shinikizo zake zinakaribiana na bei yake ni nafuu. Ni kweli haidhuru ozoni. Lakini swichi na viungo vya umeme vya kiyoyozi hicho havikutengenezwa kukaa karibu na gesi inayowaka, na anayelala chini yake hajui. Ukitaka gesi hiyo, nunua mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Unaponunua na unapotupa

Friji ya mtumba inayoshuka bandarini, hata ikiwa inang'aa, isomwe kibandiko kabla ya bei kutajwa. R-12 ikatae moja kwa moja, na R-22 pia, maana gesi ya kuitengenezea itakuwa adimu mwaka hadi mwaka. Kwa friji ya nyumbani tafuta R-600a. Gesi yake huwa makumi machache tu ya gramu.

Friji kuukuu inapokwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, gesi itolewe kwanza, kwa sababu wao huanza kwa kukata mabomba ya shaba kwa msumeno. Sponji ya manjano iliyo ndani ya kuta za friji za zamani nayo iliumuliwa kwa R-11, na bado ina sehemu kubwa ya gesi hiyo ndani ya vipovu vyake. Usiivunjevunje wala kuichoma. Ukikuta kwenye ghala mtungi wa kuzimia moto ulioandikwa haloni 1211 au 1301, usiujaribu kuona kama bado unatoa, kwani bromini yake ni kali kwa ozoni kuliko klorini.

Mwisho wa kazi, fundi abandike kwenye mtambo karatasi ngumu iliyofungwa kwa plastiki, iandikwe kwa kalamu isiyofutika: tarehe, aina ya gesi, gramu zilizotolewa, gramu zilizojazwa, tundu lilikuwa wapi na limezibwaje. Fundi atakayefuata akikuta gesi imepungua, ataanzia kutafuta hapo.